Naomba ushauri: moshi wa kulehemu unatumaliza kifua

Habari za kazi, ndugu zangu. Niko Goma, Birere, tunatengeneza simu na redio. Mafundi wanne, chumba kimoja, dirisha moja. Kijana wangu mmoja anakohoa kila jioni, lakini siku ya Mungu akipumzika nyumbani kifua kinatulia. Hapo ndipo nilianza kuogopa.

Najua shida si mvuke wa risasi, ile metali iliyo ndani ya waya wa kulehemu. Kwenye nyuzi joto 350 haitoki kwa wingi wa kutisha. Yenyewe inaingia mwilini kwa vidole vichafu, ndiyo maana nimekataza kula sambaza (samaki wadogo wa ziwa) mezani (wameninunia). Moshi ni wa fluksi, ule utomvu wa msonobari, na huo ndio unaoleta pumu.

Nina feni ya kompyuta ya volti 12, inazunguka kwa betri ya sola hata umeme ukikatika. Niifunge kichujio cha kaboni na kuiweka mezani, au nivute bomba hadi nje? Kaboni inanasa harufu na gesi, chembe ndogo zinapita. Bomba nalo litamwagia moshi mama muuza makala (mkaa), jirani yetu. Na mdomo wa bomba au feni ukae umbali gani na kazi? Aliyekwisha jaribu anieleze, hata kama ilimshinda.