Retinoblastoma (saratani ya jicho ya watoto): mdogo wake naye apimwe?

Baba Wawili: Wakuu, mwanangu wa miaka miwili, kwenye picha za simu jicho la kushoto linang'aa jeupe kama la paka. Muhimbili wamesema ni retinoblastoma, jicho litolewe. Mama yake hali chakula, mama mkwe anasema tumerogwa. Kichanga chetu naye apimwe?

Mama Kulwa: Pole sana, kaka. Mpeleke wiki hii, usingoje dalili. Wakati mwingine ni wa kurithi. Na la kulia la mkubwa liangaliwe kila kliniki. Wa kwangu aliwekewa la bandia, sasa anakimbiza kuku wa jirani.

Mzee wa Kona: Dawa ya mganga isiguse jicho, jamani!

Baba Wawili: Asanteni. Mkwe nitamsomea hiyo ya kuku.