Tupeane uzoefu: mfululizo wa fantasia uliousitasita, kisha ukaufungua

Mwanzilishi, Umoja
Wadau, hamjambo. Nataka kusikia kutoka kwa waliowahi kupewa mfululizo wa fantasia wakaupokea shingo upande. Ilikuwaje mlipousoma?

Mimi nimekulia kwenye riwaya za shamba, siasa na ndoa. Rafiki aliponiletea A Wizard of Earthsea cha Ursula K. Le Guin nilikiweka juu ya kabati. Joka na shule ya wachawi? Niliona ni mambo ya watoto. Nilikichukua kwa sababu ni chembamba, kurasa kama mia mbili hivi. Ged ni mchunga mbuzi wa kisiwa cha Gont, mama yake amefariki, na wa kwanza kumfundisha uganga ni dada ya marehemu mama. Ngozi yake ni ya kahawia iliyoiva, na Vetch, rafiki yake wa dhati, ni mweusi. Kitabu cha 1968! Kuna majalada yaliyomchora mweupe, na mwandishi hakunyamaza.

Kwa majivuno ya ujana Ged anafungulia kivuli kinachomwinda kisiwa hadi kisiwa, mpaka anapogeuka na kuanza kukiwinda yeye. Nilipofika hapo sikuweza kukiweka chini. Nyinyi je?

Wa Rongai
Mimi ni The Fifth Season cha N.K. Jemisin. Mwanzo ulinitoa jasho: sehemu kubwa inasimuliwa kwa “wewe”, na maneno ya dunia ile yanamwagwa bila maelezo. (Nyuma ya kitabu kuna orodha ya maneno na maana zake. Anzeni huko.) Halafu nikakutana na Essun, anayerudi nyumbani na kukuta mumewe amemuua mtoto wao wa kiume na kutoweka na binti yao. Nikamfuata hadi kitabu cha tatu.

Ardhi ile inapasuka na watu wake wanaishi kwa kujiandaa na janga. Sisi tuliouona ufa wa Mai Mahiu ulioikata barabara ya Narok Machi 2018 hatuhitaji kushawishiwa sana kuhusu ardhi inayopasuka. Vitabu vyote vitatu vilishinda tuzo ya Hugo, tuzo kubwa ya fantasia na hadithi za kisayansi, 2016, 2017 na 2018, na hakuna mwandishi aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Mama wa Donholm
Wanangu, shaka yangu ilikuwa ya imani. Binti yangu alileta Akata Witch cha Nnedi Okorafor, na lile neno “witch” kwenye jalada likaninyima raha. Lakini nikajiuliza: nilipokuwa msichana nilisoma Adili na Nduguze, ndugu wawili wanageuzwa manyani kwa hiana yao na Adili anaamriwa awachape kila usiku. Majini tele humo, na hakuna mzazi aliyemnyang'anya mtoto kitabu cha Shaaban Robert. Basi nikakaa na binti tukasoma kwa zamu. Sunny ana ualbino, anaishi Aba, Nigeria, anapenda mpira lakini jua linamzuia kuucheza mchana. Tuliongea mengi juu ya watoto wanaotengwa, mambo ambayo binti hakuwahi kunifungulia. Mzazi mwenye wasiwasi, soma naye.

Wa Kahawa West
Nami nitasema ukweli: The Wheel of Time niliiachia katikati. Vitabu 14, kuanzia 1990 hadi 2013. Robert Jordan alifariki 2007 na Brandon Sanderson akaimalizia. Naiheshimu kazi hiyo, ila kuna vitabu vizima pale katikati ambamo safari haisogei. Kwa mgeni, anza na mfululizo mfupi uliokwisha kuandikwa wote.

Wa Ngara
Tatizo letu wa Inama Bookshop, yaani vitabu vinavyouzwa chini barabarani, ni mpangilio. Unainama pale kando ya barabara, unapata cha tatu, cha kwanza hakipo. Msinunue kwa kukata tamaa! Mwachie muuzaji jina la kitabu, wengi wao hukutafutia kweli. Mwanzilishi, hicho cha pili cha Earthsea ninacho. Nikisome sasa?

Mwanzilishi, Umoja
Kisome, ndugu. The Tombs of Atuan kinamhusu msichana kuhani anayelelewa kwenye makaburi ya gizani, na Ged hutamwona mapema. Vumilia kurasa zile za mwanzo, msichana yule ndiye kitabu chenyewe. Ukimaliza, nitakuazima cha tatu.