MJADALA: Mkopo wa vijana Dodoma ununue Canon 2000D mbili za mkono wa pili, au R50 moja mpya?

Mbukwenyi wadau.

Wiki ya pili sasa kikundi chetu hakijasaini karatasi, na kinachotukwamisha ni kamera. Tuko watano, wote wa hapa mjini, tunaomba ule mkopo wa halmashauri usio na riba, ule wa asilimia 10 ya mapato ya ndani: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za wenye ulemavu. Sisi tuko fungu la vijana. Andiko limekamilika: picha na video za sherehe, mahafali na vikao. Umebaki wazi mstari mmoja tu, "aina ya kamera". Wenzangu wawili wanataka Canon EOS R50 mpya dukani. Mimi na mwingine tunasema 2000D mbili zilizotumika. Wa tano kasema atasikiliza mtakachosema nyinyi.

Nalileta hadharani kwa sababu hela hii ni ya umma. Tukinunua vibaya tukashindwa marejesho, anayeumia ni kikundi kilichopo nyuma yetu kwenye foleni. Na najua vikundi vingine viwili vinavyobishana jambo hilihili.

Kwa asiyezijua: 2000D ilitoka mwaka 2018. Ni kamera ya zile zenye kioo ndani, kile kinachoruka "klap" ukibonyeza, na inapokea lenzi za EF na EF-S, ukoo ambao Canon waliuanzisha mwaka 1987. R50 ilitoka mwaka 2023, haina hicho kioo, ni ndogo na nyepesi, na lenzi zake ni za ukoo wa RF ulioanza mwaka 2018. Sensa zao, kile kipande cha ndani kinachopokea picha, zina ukubwa mmoja, zote megapikseli 24. Chukua picha mbili za mchana, moja ya kila kamera, ziprinti A4, mpe mama wa bwana harusi. Hatajua ipi ni ipi. Kwa hiyo tusipoteze muda kwenye megapikseli.

Hoja yangu ni Jumamosi. Kazi za mji huu zinaangukia siku moja. Jumamosi hiyohiyo kuna harusi Kikuyu, sendoff Kisasa, na msimu wa mahafali ukifika kuna majoho kila kona ya UDOM. Kikundi cha watu watano chenye kamera moja kina mtu mmoja kazini na wanne wanaoshika mwavuli. Kwa bei nilizoulizia Uhindini na kwa watu wa Kariakoo, pesa ya R50 mpya na lenzi yake inatoa 2000D mbili zilizotumika, na inabaki ya lenzi ya 50mm f/1.8 ya mkono wa pili (namba ya f ikiwa ndogo, lenzi inaweza kuingiza mwanga mwingi zaidi). Kamera mbili ni sherehe mbili. Rejesho la mwezi halikuulizi kama ulikuwa na kamera ya mwaka huu.

Ya pili ni giza. Lenzi inayokuja na R50 ni 18-45mm, inaanza f/4.5 na ukivuta mpaka mwisho inafika f/6.3. Ya 2000D ni 18-55mm, f/3.5 mpaka 5.6, nayo si ya kujivunia. Nilikuwa kanisani Desemba iliyopita na lenzi ya namna hiyo. Bibi harusi anaingia saa kumi na moja jioni, mlango uko wazi nyuma yake, uso wake uko gizani, taa za ndani ni zile ndefu nyeupe zinazopepesa. Nikapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, mpaka 6400. Picha zilitoka, lakini nilipozifungua kwenye kompyuta, shavu la yule dada lilikuwa kama limemwagiwa mchanga. Kutoka f/5.6 kwenda f/1.8 mwanga unaoingia unaongezeka karibu mara kumi. Hakuna kamera mpya itakayokupa hiyo ukiwa bado na lenzi ileile ya kwenye boksi.

Ya tatu watu wa Dar wanaweza kuiona ndogo: vumbi. Ukitoa lenzi kwenye R50, sensa unaiona hiyo hapo, iko wazi. Kwenye 2000D mbele yake kuna kioo na shata, lile pazia linalofunguka ukibonyeza. Vumbi linaingia kote kuwili, sikatai. Ila aliyewahi kubadilisha lenzi viwanja vya Nanenane Nzuguni mwezi wa nane, upepo ule mwekundu ukipita, anajua anaporudi nyumbani anakuta doa moja palepale kwenye anga ya kila picha.

Na kuazimana. Nikikwama leo, mjini hapa naweza kupiga simu tatu nikapata lenzi ya EF ya 70-200, ile ya kuvuta mbali, kabla jua halijazama. Ya RF sijui nimpigie nani.

Karibuni. Mnaopinga nipingeni kwa sababu, si kwa "mambo ya zamani hayo".

Mpiga video, Area C

Kaka, nimekusoma mpaka mwisho na kwenye lenzi uko sawa. Lakini umeandika "picha na video" kwenye andiko, halafu hoja zako zote nne ni za picha. Hilo ndilo tatizo la andiko lenu.

Tangu wizara zihamie Mtumba, kazi inayolipa kwa wakati hapa mjini imekuwa ile ya dakika moja na nusu: mkurugenzi amesimama nje ya jengo anaongea, unakata, unatuma kabla ya jioni. Sasa ipeleke 2000D pale. Haina tundu la maiki. Maiki yake ya ndani, kwenye upepo wa Mtumba, itakuletea "vuuu" na mdomo wa mtu unaofunguka na kufunga. Fokasi kwenye video haimfuati mtu. Akisogea hatua moja mbele anafifia, wewe unazungusha lenzi kwa mkono huku unatetemesha fremu. Skrini imegandishwa nyuma, haigeuki. Video yake inaishia Full HD, fremu 30 kwa sekunde.

R50 ina tundu la maiki, skrini inageuka na inaguswa, inatoa video ya 4K, kali kuliko Full HD, bila kukata pembeni, na fokasi inashika jicho. Nimeiona kwa macho yangu: mtoto wa kipaimara anatembea kuelekea kamera, kijiboksi kimemganda jichoni hatua zote, mpigaji ni dada wa miezi miwili kazini. 2000D ina pointi tisa za fokasi, na ya katikati peke yake ndiyo ya kuaminika kwenye giza. Kikundi cha watu wanaojifunza mnakipa ile inayohitaji fundi?

Na hilo la kuazimana lina jibu. Kuna adapta ya EF-EOS R, ya Canon wenyewe, tangu 2018. Lenzi zote za EF na EF-S za mji huu zinakaa kwenye R50 na fokasi inafanya kazi. Azima unavyotaka.

Mchangiaji, Chamwino

Mimi niko kwenye karatasi tu. Kitu cha mkono wa pili mnakiingizaje kwenye mkopo? Sisi tulikuwa na mashine ya kukamua alizeti, tukaambiwa tulete profoma ya duka, ile karatasi ya bei, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji wa mtandaoni hana vyote viwili. Tulizungushwa miezi mitatu. Mulizeni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu kabla hamjachagua chochote.

Mwenye studio, Majengo

Wanangu, mnabishana vizuri, ila wote wawili hamjageuza hizo kamera mkazitazama juu.

Nimepiga harusi tangu enzi za filamu. Ukumbi wa usiku haupigwi kwa f/1.8, unapigwa kwa flashi. Familia ya watu kumi na wawili iliyopangwa mistari miwili ukiipiga f/1.8, mstari wa mbele upo, wa nyuma umefifia, na babu yuko nyuma. Hapo unahitaji f/5.6 au f/8, na mwanga wa kuleta mwenyewe.

Sasa sikilizeni. Pale juu pa kuchomekea flashi, kamera za Canon za zamani zina pini kubwa katikati, ya mviringo, na vidoti vidogo pembeni. Ile ya katikati ndiyo inayofyatua flashi ya kampuni yoyote na triga za bei nafuu, vile vifaa vya kuwasha flashi kwa mbali. Kwenye 2000D waliiondoa. Shika kamera, angalia: chuma kiko laini, hakuna kitu katikati. Flashi za Canon zinazotumia vidoti vya pembeni zinawaka. Zile flashi za kawaida za pini moja, ambazo nusu ya vijana wa mji huu wanazo, utachomeka, utabonyeza, kimya. Kijana alikuja kwangu Jumamosi saa nane mchana, harusi saa tisa, jasho linamtoka, anaamini flashi imeungua. Nikaichomeka kwenye Canon 1300D yangu ya mwaka 2016. Ikawaka. Nilimpa kamera yangu akaenda nayo.

Na R50 isiwatie moyo. Nayo pale juu ni ya mfumo mpya, flashi za zamani hata za Canon wenyewe zinadai adapta iitwayo AD-E1. Kwa hiyo kwenye bei ya R50 ongezeni adapta ya lenzi na adapta ya flashi, ndipo mlinganishe.

Kama mnataka mkono wa pili, Canon 700D ya mwaka 2013 ina pini, ina tundu la maiki, skrini inageuka na kuguswa, na pointi zake zote tisa za fokasi ni za kuaminika. Megapikseli 18. Zinatosha A3. Ni ya zamani, kwa hiyo chunguzeni shata imebonyezwa mara ngapi.

Mpiga video, Area C

Shikamoo mzee wetu. Hilo la pini kwenye 2000D sikulijua, na nimeitumia mwaka mzima. Ila 700D na fokasi ya video? Inatafuta-tafuta kama mtu aliyepoteza ufunguo. Narudi palepale, R50.

Mleta mada

Shikamoo mzee. Nimetoka kuigeuza ya rafiki yangu sasa hivi, chuma kitupu kama ulivyosema. Sisi tuna flashi tatu za pini moja. Ningesaini ile karatasi, Jumamosi ya kwanza tungeaibika.

Kaka wa Area C, kwenye video umenishinda na sitazunguka. 2000D kwa mahojiano ya nje haifai. Nilikuwa na njia yangu: simu mfukoni mwa anayeongea na maiki ya kubana kwenye kola, unapiga kofi moja mbele ya kamera kabla hajaanza, halafu kwenye kuhariri unalinganisha kofi la sauti na la picha. Inafanya kazi. Lakini mkurugenzi wa watu hukai naye unampigia makofi usoni kila akirudia sentensi.

Kinachonibakiza upande wangu ni Jumamosi, na hilo hujaligusa. R50 na lenzi yake, adapta mbili, na bado ni kamera moja, watu watano. Ikianguka, ikiibwa kwenye bajaji, kikundi hakina kazi mpaka sijui lini. Rejesho linaendelea.

Kwa hiyo mstari wangu nimeufuta na kuuandika upya: kamera mbili za ukoo wa EF zenye pini, angalau moja iwe 700D kwa ajili ya maiki, na lenzi ya 50mm f/1.8 moja. Mahojiano yakianza kuja kwa wingi, R50 tuinunue kwa faida, si kwa mkopo, tuiongezee adapta, na lenzi zote zinahamia nayo. Wenzangu wa R50 hawajakubali. Mmoja kasema anasubiri kuona 700D ikipiga video ndani ya ukumbi kwanza. Ana haki.

Kwa mchangiaji wa Chamwino, ahsante sana. Kesho asubuhi naenda ofisi ya kata na swali moja tu, la risiti ya kitu kilichotumika. Kukiwa na duka la hapa mjini linalouza kamera zilizotumika na kutoa risiti ya EFD, naomba mniambie, hilo ndilo sasa linalotuamua kuliko kamera yenyewe. Jibu nitakalopewa nitaliandika hapahapa, maana naona haliwahusu wapiga picha peke yao.

Kwa wanaotafuta kama sisi: mkiletewa yenye lenzi ya 18-55, someni ule mduara wa mbele. Pawe na herufi IS. Kuna 18-55 nyingine zisizo na kitulizo cha mtikisiko, zinafanana kabisa, na kwenye mwanga hafifu mkono wako utaonekana. Wekeni f/22, pigeni anga tupu, kuzeni picha mtafute madoa ya vumbi la kwenye sensa.

Alhamisi saa kumi jioni tutakuwa Nyerere Square. Mzee wa Majengo kakubali kuja na 1300D yake, kaka wa Area C analeta R50, mimi nimeazima 700D. Mwenye flashi yoyote ya pini moja aje nayo tuichomeke kwenye zote tatu.