I-130 mwezi wa 22 bila jibu, na mume wangu anakaribia kuapa uraia. Tufanyeje?

MamaKijana_Msa
Salaam wanajukwaa. Mume wangu alipata grini kadi kwa bahati nasibu, akaingia Marekani 2019, sasa yuko Columbus, Ohio. Tulioana 2021, na Februari 2024 akaniombea kwa fomu I-130, ile ya kuomba jamaa wa karibu aje kuishi Marekani. Humo humo akamtaja mwanangu wa ndoa ya kwanza, ambaye sasa ana miaka 19. Kila alfajiri nikishaswali nashika simu, naandika namba ya risiti, na jibu ni lile lile: ombi limepokelewa. Koti zito nililomnunulia kijana Kongowea bado linaning'inia nyuma ya mlango, limeanza kushika ukungu.

Nina mawili. Kuna wakala hapa mjini anataka elfu 80 "asukume faili" kupitia mtu wake wa ndani. Na mume wangu amefaulu mtihani wa uraia, anangoja kula kiapo. Akiwa raia, tunaanza upya?

NimepitaGigiri
Dada, hiyo elfu 80 nunua koti jingine. I-130 iko mikononi mwa USCIS, idara ya uhamiaji huko huko Marekani, hakuna wa Mombasa mwenye mkono humo. Mumeo aingie kwenye ukurasa wao wa muda wa kushughulikia maombi, aandike tarehe waliyoipokea fomu. Ikionekana muda umepita, atatuma ulizo bila kulipa hata senti. Kuharakishwa kupo, ila kwa dharura yenye ushahidi, kama ugonjwa mzito. Kuwa mpweke tu hakutoshi, nilijaribu.

Bwana_Subira
Watu huchanganya foleni mbili. Ya kwanza ni ya kuidhinishiwa ombi. Ya pili ni ya visa yenyewe, maana wake wa wenye grini kadi wako kundi la F2A, na visa zao zina idadi maalum kwa mwaka. Mwanzoni mwa 2023 kundi hilo halikuwa na foleni kabisa, hadi jedwali la visa la Aprili 2023, linaloonyesha tarehe zilizofikiwa, lilipoirudisha. Kwa hiyo hata ukiidhinishwa kesho, bado utaangalia jedwali la visa kila mwezi hadi tarehe yako ifikiwe.

Mke wa raia hana foleni hiyo ya pili. Wala hamwanzi upya: akishaapa atume nakala ya cheti cha uraia USCIS, ombi linabadilishwa kundi. Kama litakuwa limeshafika NVC, kituo kinachoandaa mafaili ya visa baada ya ombi kuidhinishwa, atume huko.

Kijakazi_wa_Mafaili
Bwana Subira, umeruka shimo. Kwenye F2A mtoto hupanda mgongoni mwa ombi la mama. Kwenye kundi la mke wa raia hakuna kupandana, kila mtoto na I-130 yake. Mume akiapa tu, kijana ameanguka nje ya faili na hakuna atakayewapigia simu kuwaambia.

Mama Kijana, mlipooana mwanao alikuwa na miaka mingapi?

MamaKijana_Msa
15. Ya Rabi, hata fununu hatukupata!

Kijakazi_wa_Mafaili
Basi mna bahati. Mtoto wa kambo anakubaliwa ikiwa ndoa ilifungwa kabla hajatimiza miaka 18. Mumeo amfungulie I-130 yake sasa hivi, asingoje kiapo. Ni dola 625 kwa mtandao, 675 kwa karatasi. Aambatanishe cheti cha kuzaliwa cha kijana, cheti chenu cha ndoa na hati yako ya talaka kutoka kwa Kadhi. Fomu ikiwa imepokelewa na mumeo akaapa kabla kijana hajafika 21, umri wake unagandishwa, hata visa ichelewe.

Sharti moja zaidi: kijana asioe. Akioa kabla ya kuingia Marekani, ametoka kundi hilo.

NimepitaGigiri
Hapo kwa talaka mkazo. Yangu ilikuwa na jina limekosewa herufi moja, nikarudishwa nyumbani siku ya mahojiano.

MamaKijana_Msa
Nimempigia, kule ni saa tisa usiku, ameamka anatafuta kadi ya benki. Wakala nimemzuia kwenye simu. Kijana naye amesimama hapa mlangoni anauliza: kuposa tu kunahesabiwa?

Kijakazi_wa_Mafaili
Hakuhesabiwi. Lakini wewe usimwambie haraka.