Mjadala: Picha za Hogarth kuhusu ukatili zilifunza huruma au zilinogesha ukatili?

Mtaa wa Pili:
Wadau, kuna Mwingereza, William Hogarth. Februari 1751 alitoa picha nne za kuchapwa zinazomfuata kijana wa kubuni, Tom Nero, mtoto wa kulelewa na parokia ya St Giles, London. Ya kwanza, anamtesa mbwa kwa mshale. Ya pili, kawa dereva wa gari la farasi, anampiga farasi aliyeanguka. Ya tatu, kamchinja mpenzi wake. Ya nne, keshanyongwa na wapasuaji wanamfumua tumbo mbele ya watu, mbwa anajilia moyo wake. Hogarth mwenyewe alisema nia yake ni kupunguza ukatili kwa wanyama aliouona mitaani. Hapo ndipo nakwama: huruma inafunzwaje kwa kunionyesha maiti inayochokolewa jicho?

(Ile ya pili nimecheka. Mawakili wanne wamejibana gari moja ili wachange nauli, farasi kavunjika mguu kwa uzito, nao wanatambaa kutoka. Mawakili ni walewale kila karne.)

Kijogoo:
Mkuu, wa 1751 hakuwa mtu wa maneno laini. Alizoea kuona watu wakinyongwa Tyburn, uwanja wa kunyongea wa London, kama sisi tunavyokwenda mpirani. Ukitaka akusikie, lazima umtishe.

Wakili Msomi:
Nimefika kwenye "mawakili ni walewale" nikaacha kusoma. Kuchanga nauli ni kosa la jinai tangu lini? Aliyeshika mjeledi ni Tom. Tena tazama pembeni, kuna mtu anaandika namba ya gari ili akamshtaki. Huyo hamumtaji.

Mtaa wa Pili:
Huyo ni mpita njia. Wa kwako ndio hao wanaotambaa.

Kijogoo:
😂😂😂

Wakili Msomi:
Chekeni. Sheria ya kwanza ya maana ya bunge la Uingereza kuzuia kutesa mifugo, 1822, ilisukumwa na mbunge Richard Martin. Naye alisomea sheria. Mchoraji wenu aliacha nini zaidi ya karatasi?

Bi Zuhura:
Miaka 71 baada ya picha, na mbwa hawakuwamo. Ililinda farasi, ng'ombe, kondoo, vitu vyenye thamani sokoni. Hapo kweli naona mkono wa wakili.

Wakili Msomi:
Dada, matusi hayajengi hoja.

Bi Zuhura:
Tusi liko wapi? Nimesoma sheria yako tu.

Fundi Chapa:
Naomba niwarudishe kidogo. Mnabishana kama picha zilimfunza nani, hamjauliza nani alizinunua. Shilingi moja kwa picha, moja na nusu kwa karatasi nzuri. Kwa dereva wa gari la farasi hizo si hela za kuchezea. Hogarth alilijua hilo, ndiyo maana mistari yake safari hii ni minene, haina madoido. Alimpa kazi John Bell azichonge kwenye mbao ili ziuzwe kwa bei ya chini. Zikatoka mbili tu, ya tatu na ya nne, basi, gharama ikamshinda. Na si ajabu. Kwenye shaba unachimba mstari, wino unaingia humo, umemaliza. Kwenye mbao unaondoa kila kisicho mstari, na mbao zenyewe zilikuwa kubwa. Mwezi mzima kidole kinauma.

Kijogoo:
Kwa hiyo maskini alichorwa, tajiri akanunua.

Fundi Chapa:
Sijasema hivyo. Picha zilitundikwa madirishani kwa wauzaji, na mtu anaangalia bure.

Mtaa wa Pili:
Turudi kwenye ya nne. Ukutani kuna viunzi viwili vya mifupa ya watu waliokwisha kunyongwa, majina juu yake. Mmoja ni James Field, bondia, kanyongwa Februari ileile. Jina lake lilikuwa kwenye tangazo la ngumi katika picha ya pili! Na mwaka uliofuata, 1752, sheria ikaanza kazi: muuaji hazikwi kabla maiti yake haijapasuliwa au kutundikwa hadharani. Ukatili umeshapata kibali cha serikali. Hogarth anaupinga au anaupigia makofi?

Kijogoo:
Anaupigia makofi. Kaiita "Malipo".

Bi Zuhura:
Angalia nyuso za wale wasomi wamekaa kwa mpangilio kama jopo la mahakama. Hakuna hata mmoja anayekunja uso. Mtu anayepiga makofi hachori nyuso zile.

Halafu nyote mmeongea mbwa, farasi, nauli, mbao. Ann Gill, yule mpenzi aliyechinjwa na Tom, hamumtaji. Mtumishi wa ndani, mjamzito, shingo iko wazi, barua yake iko chini pale. Anaandika kwamba mwajiri wake amemtendea wema na dhamiri inamsuta, lakini atafanya aliloagizwa na Tom, amwibie.

Kijogoo:
Ila aliiba.

Bi Zuhura:
Kijogoo, umeona koo lililokatwa ukatafuta vijiko vya fedha?

Kijogoo:
Nimesema ukweli. Usinipandishie.

Mtaa wa Pili:
Tafadhali, swali lilikuwa picha ya nne.

Wakili Msomi:
Kisheria, aliyeshawishiwa kuiba bado ni mwizi, na aliyemshawishi ni mshiriki. Wote wana kesi.

Bi Zuhura:
Mmoja amekufa, wakili.

Wakili Msomi:
Nilikuwa naeleza sheria tu.

Fundi Chapa:
Shuka, farasi ameanguka.