Msaada: Nataka kuendesha mnada wa mtandaoni wa vifaa vya ofisi vilivyotumika. Nianze na mnada wa aina gani?

MzigoWaOfisi

Wakuu, habari za jioni. Naomba ushauri wa wanaoijua minada kwa undani.

Mnada utakuwa wa mtandaoni, hapa Dar es Salaam. Bidhaa zinatoka ofisi zinazohama au kubadili samani: kompyuta mpakato 22, printa 6, jenereta 3, friji 2, pamoja na meza na viti. Mzigo wote utakaa ghala moja na mnunuzi atakuja kuchukua mwenyewe. Anayetengeneza tovuti ananiuliza maswali ambayo sina majibu yake:

1. Niweke mnada wa aina gani?
2. Mnada ufungwe vipi, vitu vyote kwa wakati mmoja au kimoja kimoja?
3. Pesa ipite kwa nani, na ada nimtoze muuzaji au mnunuzi?
4. Kuna anayenishauri niuze madau yenyewe: kila anayebonyeza alipe shilingi 500, bidhaa ianzie sifuri. Hii ikoje?

Nyundo_Tatu

Mkuu, zipo aina kuu nne na kila moja ina bidhaa inayoifaa.

Mnada wa kupanda ndio wa mnadi na nyundo: dau linapanda hadi anabaki mtu mmoja. Wa kushuka ni kinyume chake. Saa ya kuonyesha bei inaanzia juu, inateremka, na wa kwanza kubonyeza amechukua. Ndivyo maua yalivyouzwa kwa miaka mingi Aalsmeer, Uholanzi, yakiwemo yanayotoka Kenya kwa ndege. Pale unafaa kwa sababu ua halisubiri, wanunuzi ni wafanyabiashara wanaozijua bei za kila aina, na dau moja tu linamaliza mauzo, hivyo maelfu ya mauzo yanakwisha asubuhi moja. Mtu anayenunua jenereta mara moja kwa miaka kumi atababaika mbele ya saa ya namna hiyo.

Wa tatu ni wa bahasha. Kila mtu anaandika bei yake kwa siri, wa juu anashinda na analipa alichoandika. Korosho za kusini ziliuzwa hivyo miaka mingi, barua za wanunuzi zikitumbukizwa kwenye sanduku na kusomwa mbele ya wakulima, kabla ya kuletwa mfumo wa kielektroniki wa TMX, yaani Soko la Bidhaa Tanzania. Udhaifu wake ni kwamba hakuna anayeandika thamani kamili. Kila mmoja anapunguza huku akikisia wenzake wataandika nini, na mgeni wa soko ndiye anayekisia vibaya.

Wa nne ni bahasha ya bei ya pili: wa juu anashinda, ila analipa bei ya aliyemfuata. Mwanauchumi William Vickrey aliuchambua mwaka 1961 na akaonyesha kuwa hapo huna faida kuficha thamani yako, maana ulichoandika kinaamua kama unashinda, hakiamui unalipa kiasi gani. Alipata Nobeli ya uchumi pamoja na mwenzake mwaka 1996.

Kwa mzigo wako weka mnada wa kupanda wenye dau la kikomo. Mnunuzi anaingiza kikomo chake kwa siri, mfumo unampandishia pale tu anapopingwa. Wa kwanza akiweka kikomo cha 400,000 na wa pili 350,000, na hatua ya kupandisha dau ni 10,000, bei inasimama 360,000. Ukiangalia vizuri ni ile bei ya pili iliyovaa nguo za mnada wa kawaida. Minada ya eBay, soko la mtandaoni la Marekani lililoanza mwaka 1995, imesimama juu ya utaratibu huu.

HesabuKwanza

Najibu swali la nne peke yake kwa sababu ndilo la hatari. Fanya hesabu. Kila dau ni shilingi 500 na linapandisha bei kwa shilingi 10. Simu "ikiuzwa" 20,000, maana yake yamepigwa madau 2,000. Mwenye tovuti amekusanya 1,000,000 ya madau, na juu yake ile 20,000. Mshindi mmoja amefurahi. Waliobaki wote wamelipa na wameondoka mikono mitupu. Kwenye mnada wa kweli aliyeshindwa anaondoka na pesa yake yote. Swoopo, iliyoanzia Ujerumani, ilieneza biashara hii Ulaya na Marekani na ilizima mwaka 2011. Ule ni mchezo wa bahati, na ukiufungua utatakiwa kujieleza kwa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Usiguse.

SevaNaSaa

Swali la pili. Ukifunga kwa saa maalumu isiyosogea, watu watavizia sekunde za mwisho ili wapinzani wakose nafasi ya kujibu. Wanauchumi Alvin Roth na Axel Ockenfels waliandika kuhusu hili mwaka 2002 wakilinganisha eBay, yenye saa isiyosogea, na minada ya Amazon ya wakati ule, ambayo ilisogeza mwisho hadi zipite dakika 10 bila dau jipya. Kuvizia kulikuwa kwingi zaidi eBay. Kwetu, ambako mtandao wa simu hukwama wakati wowote, saa isiyosogea inampa ushindi mwenye intaneti ya kasi badala ya mwenye pesa nyingi, na anayepoteza ni muuzaji.

Mwambie fundi wako hivi:

Dau lolote likiingia ndani ya dakika 3 za mwisho, mwisho usogee hadi dakika 3 baada ya dau hilo. Saa iwe ya seva (kompyuta inayoendesha tovuti), kamwe isiwe ya simu ya mnunuzi. Vitu vifungwe kwa kupishana dakika 2, kuanzia saa 2 usiku, watu wakiwa wametoka kazini. Ukifunga vyote pamoja, anayetaka kompyuta mbili hawezi kujua ya kwanza ameikosa ili ahamie ya pili.

Hatua za dau ziendane na bei: chini ya 100,000 panda kwa 5,000, hadi 500,000 panda kwa 10,000, juu ya hapo 25,000. Hatua ndogo mno zinachosha watu, kubwa mno zinamfukuza aliyebakiwa na elfu kumi ya mwisho. Vikomo viwili vikilingana, wa kwanza kufika kwenye seva ndiye mwenye dau. Hapo fundi ahakikishe madau ya kitu kimoja yanashughulikiwa moja baada ya jingine. Yakishughulikiwa sambamba, siku moja utapata washindi wawili.

Na kosa la sifuri ya ziada ni la kila mnada. Dau likizidi mara tatu ya bei iliyopo, mfumo uliandike kwa maneno ("milioni tatu na laki sita") na umtake mtu athibitishe.

Mtunza_Daftari

Pesa. Ugonjwa mkubwa wa minada ya mtandaoni ni mshindi asiyelipa. Kubonyeza ni bure, hivyo watu wanabonyeza. Dawa yake ni amana kabla ya dau la kwanza: kwa bidhaa zako, 50,000 inatosha kwa vifaa vidogo na 10% ya bei ya kuanzia kwa jenereta. Aliyekosa arudishiwe ndani ya siku moja ya kazi, na gharama ya kutuma uibebe wewe. Mtu akirudishiwa 48,500 badala ya 50,000 hatarudi tena.

Ada unaweza kutoza pande zote mbili. Mfano: muuzaji 10%, mnunuzi 5%. Nyundo ikigonga 600,000, mnunuzi analipa 630,000, muuzaji anapata 540,000, kwako inabaki 90,000. Hiyo 5% iandike karibu na kitufe cha dau, na ionyeshe jumla. Ukiificha hadi kwenye ankara, washindi watagoma, na watakuwa na haki.

Fedha za wauzaji zikae akaunti ya benki tofauti kabisa na ya matumizi ya biashara. Biashara hizi mara nyingi hufa hapa: pesa ya muuzaji inalipa kodi ya ghala, mwezi ujao haipo. Mnunuzi alipe ndani ya saa 48, mzigo utoke, muuzaji alipwe siku mbili baada ya mzigo kuchukuliwa. Risiti ya EFD (mashine ya risiti za kodi) kwa kamisheni yako usiiruke.

Mshindi akitoroka, amana inapotea na kitu anapewa wa pili kwa dau lake yeye mwenyewe. Kama wa kwanza alifika 600,000 akipambana na wa pili mwenye 590,000, tazama kwanza akaunti ya huyo wa kwanza. Huenda ilikuwepo kumpandishia mwenzake tu.

MzigoWaOfisi

Ahsanteni sana, hili la dakika 3 nimeshalipeleka kwa fundi. Yamebaki matatu: bei ya akiba niiweke au nisiiweke? Watu wakiwa wachache je? Na leseni?

Nyundo_Tatu

Bei ya akiba ni ile ambayo chini yake muuzaji hauzi. Iweke kwa jenereta na friji tu. Mfumo uonyeshe "bei ya akiba haijafikiwa" bila kutaja kiasi. Kompyuta ziuze bila akiba, zianze chini, tuseme 80,000, kwani bei ndogo ya kuanzia ndiyo inayovuta watu wa kwanza. Wape wauzaji sharti la maandishi: hawaruhusiwi kupiga dau kwenye mali yao, wala kupitia ndugu. Dalili za dau la uongo ni akaunti inayojitokeza kwa muuzaji mmoja tu, haishindi kamwe, na inatumia simu ileile iliyosajili akaunti nyingine.

Kuhusu uchache: bei ya mnada wa kupanda inaamuliwa na mtu wa pili. Kama mmoja yuko tayari kutoa 500,000 na mwingine 300,000, utauza kwenye 300,000 na kitu. Ukiona kitu kina wafuatiliaji chini ya watatu siku moja kabla, kiondoe ukiuze kwa bei ya kudumu. Viti usiuze kimoja kimoja. Funga mafungu ya sita sita.

KaguaKwanza

Leseni: sheria ya Tanzania inamtaka anayeuza kwa mnada awe na leseni ya unadishaji, na kuhamia mtandaoni hakukuondolei hilo. Kama huna, ingia mkataba na dalali mwenye leseni aendeshe mnada kwa jina lake. Mali zinazouzwa kwa amri ya mahakama ziache, zina madalali wao. Na kwa kuwa utakusanya majina na namba za vitambulisho, jisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2022.

Mkubaliane pia namna ya kueleza hali ya kitu. Minada ya magari ya Japani inafanya kazi hata kwa mnunuzi aliye Mombasa kwa sababu kila gari lina karatasi ya ukaguzi: daraja kama 4 au 3.5, R kwa lililorekebishwa baada ya ajali, na mchoro wenye alama, A kwa mkwaruzo, U kwa kibonyeo. Tengeneza karatasi yako. Kompyuta ya Windows: endesha amri powercfg /batteryreport, uandike uwezo wa betri wa sasa dhidi ya ule wa kiwandani, na diski ifutwe kabisa kabla ya picha. Jenereta: iwashe na mzigo halisi, dakika 30, uandike saa zake za kazi. Friji: iache ikifanya kazi kwa muda wa saa 4, upige picha ya kipimajoto ndani yake. Ukipokea simu za ofisi, bonyeza *#06#, itatokea namba ya utambulisho wa simu (IMEI), uitume kwenda 15090 kuihakiki kabla hujaziingiza mnadani.

Weka siku moja ya ukaguzi ghalani kabla ya mnada. Mzigo utoke kwa namba ya siri aliyotumiwa aliyelipa, pamoja na kitambulisho, na mpokeaji asaini kwamba ameuona ukiwaka. Baada ya siku 5 toza hifadhi kwa siku, na kiwango hicho kiwe kimeandikwa kwenye masharti aliyokubali kabla ya dau la kwanza.