Bendi ya shule inakimbiza mapigo ikitembea, nianzie wapi?

Mwl_Chamwino: Habari zenu walimu. Bendi yetu ya shule ya msingi ina snea 6 (ngoma ndogo zenye waya chini), ngoma kubwa 1, matoazi jozi 2 na filimbi 10. Wakisimama wanapiga vizuri. Wakianza kutembea kasi inapanda mpaka filimbi zinaachwa. Uwanja umezungukwa na madarasa. Nirekebishe nini kwanza?

PigoMoja: Miguu, mwalimu. Vijiti weka pembeni. Metronomu ya simu (programu ya kugonga mapigo sawasawa) iwe mapigo 80 kwa dakika, wakanyage papo hapo wakihesabu moja hadi nne kwa sauti, mguu wa kushoto kwenye moja na tatu. Kisha wapige makofi mawili kwa kila hatua, miguu isibadilike. Anayekimbia utamjua hapo hapo: ni yule asiyesubiri kimya kati ya makofi kiishe. Mfundishe kukijaza moyoni, "moja-na, mbili-na". Kasi ya gwaride, 112 hadi 116, isubiri mpaka waiweze 60, maana polepole ndiyo ngumu.

Kijiti kishikwe theluthi moja kutoka nyuma, gumba likitazamana na kidole cha shahada, vingine vizunguke bila kubana. Kisipande zaidi ya sentimita 15. Anayekiinua hadi begani huchelewa, halafu anaharakisha kufidia. Mazoezini tumieni ubao wenye kipande cha tyubu ya tairi juu yake, kila kosa linasikika.

Besi_Nyuma: Hayo madarasa nayo yanachangia. Sauti huenda kama mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ukuta ulio mita 25 unarudisha pigo baada ya sekunde 0.15 hivi. Wanaofuata mwangwi wanabaki, wengine wanavuta mbele, bendi inagawanyika. Ngoma kubwa ikae nyuma katikati, filimbi mbele, kila mmoja asikilize anayempigia mgongoni. Mpiga ngoma kubwa peke yake amtazame kiongozi. Matoazi yanyamaze hadi ngoma kubwa itulie.

Mwl_Chamwino: Asanteni sana. Na snea mbili zinalia kama debe?

FundiNgozi: Kaza skrubu kwa kukabiliana, robo mzunguko kila moja, ukigonga karibu na kila skrubu mpaka sauti zilingane. Ukizifuata kwa duara, ngozi inavutwa upande mmoja. Waya za chini zilegeze kidogo, zikibanwa sana zinaua sauti. Kama una ngoma za ngozi ya ng'ombe, kiangazi cha Dodoma kinazikaza na mvua inazilegeza, kwa hiyo usiziache juani. Na wasichana wanaojua muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, wape snea: wameshazoea kushika pigo lao huku jirani akipiga lingine.